SOMO LA WAZAZI: KUMFUNZA MTOTO MDOGO KUFIKIRI KWA HOJA



Katika kurasa hizi tumezoea kujifunza habari za mikataba, mishahara, likizo na usalama kazini. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuingie nyumbani. Somo letu linahusu watoto wadogo, hasa wale wa miaka mitatu hadi minane, na jinsi wazazi wafanyakazi wanavyoweza kuwasaidia wajifunze kufikiri kwa hoja. Mifano yetu mingi tumeichukua Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, Zambia. Huko wenzetu walimu, wauguzi, wafanyakazi wa halmashauri na wachuuzi wa samaki wanaishi pamoja, na Kibemba husikika sokoni bega kwa bega na Kiswahili cha ndugu wanaovuka kutoka Kilwa, Kasenga na Pweto, upande wa Kongo.

Huenda ndugu mmoja akauliza: Jambo hili linahusu nini chama? Linahusu sana. Mfanyakazi anayepokea hati ya mshahara na kuitia mfukoni, bila kuuliza kwa nini makato ya mwezi huu yamezidi ya mwezi uliopita, hakuianza tabia hiyo kazini. Aghalabu aliianza utotoni, alipoambiwa kwamba kuuliza "kwa nini" ni utovu wa adabu. Viongozi wa matawi wanayajua matokeo yake. Mkutanoni msemaji wa kwanza hupigiwa makofi, na msemaji wa pili anayesema kinyume chake hupigiwa makofi vilevile. Watu wa namna hiyo ni rahisi kuwadanganya, hata wakiwa wengi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua lipi la kufuata na lipi la kukataa, na hali ya kujiamini. Alikuwa akisema habari za shule. Sisi tunaongeza kwamba kazi hiyo huanza kabla ya shule, na kwamba haihitaji fedha. Watu wengi hudhani mtoto atakuwa na akili akinunuliwa vitu vya dukani au akianza Kiingereza mapema. Katika somo hili tutaonyesha kwamba vifaa vinavyotakiwa tayari vipo uani, sokoni na ufukweni. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kumwuliza mtoto swali moja na kungoja jibu.

1. MAANA YA KUFIKIRI KWA HOJA

Tunaposema kufikiri kwa hoja hatuna maana ya ubishi. Maana yake ni kutoka katika jambo unalolijua kwenda katika jambo ambalo ulikuwa hulijui, kwa njia ambayo unaweza kumwonyesha mwenzako.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka mitano anaamka asubuhi, anaziona nyavu za baba yake zimetundikwa, anazigusa, kisha anasema: "Baba hakwenda ziwani usiku." Mama akimjibu "Ndiyo" au "Nyamaza", somo limekwisha hapo. Lakini mama akimwuliza, "Umejuaje, mwanangu?" mtoto atalazimika kuitafuta njia aliyopita. Atasema, "Nyavu ni kavu." Hiyo ni hoja kamili: nyavu zilizotoka majini huwa zimelowa, hizi hazikulowa, basi hazikwenda majini.

Baada ya hapo mama anaweza kuuliza swali la pili: "Je, inawezekana kuwa vingine?" Pengine baba alikwenda na nyavu za jirani. Pengine alirudi mapema, upepo ukazikausha. Mtoto akifikiria hayo, anajifunza kwamba dalili moja yaweza kuwa na maelezo mawili, na kwamba kabla ya kusema "nina hakika" yafaa kutafuta dalili nyingine, kwa mfano kuitazama ndoo ya samaki.

Maswali hayo mawili, "Umejuaje?" na "Je, inawezekana kuwa vingine?", ndiyo kiini cha somo letu lote. Yaliyobaki ni kuonyesha mahali pa kuyatumia.

2. KIKOMBE KIREFU NA KIKOMBE KIPANA

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, alifanya jaribio ambalo kila mzazi anaweza kulifanya jikoni. Tia maji kiasi kimoja katika vikombe viwili vinavyofanana. Mtoto akikubali kwamba vina maji sawa, chukua maji ya kikombe kimoja na kuyamimina mbele yake katika chombo chembamba kirefu. Mwulize sasa wapi pana maji mengi zaidi. Watoto wengi wa miaka minne au mitano husema ni katika kile kirefu, kwa sababu maji "yamepanda". Baadaye, aghalabu karibu na umri wa miaka saba, mtoto hutambua kwamba maji ni yale yale: hakuna yaliyoongezwa wala yaliyopunguzwa.

Mtoto mdogo akikosea katika jaribio hili asichekwe, wala asiambiwe haraka jibu lililo sahihi. Mwache ayarudishe maji mwenyewe katika kikombe cha kwanza, atazame, ajaribu tena. Jicho lake linamwambia jambo moja, na mkono wake unamwambia jingine. Katika mvutano huo ndipo akili inapokua.

Wataalamu watatu, Price-Williams, Gordon na Ramirez, walitoa mwaka 1969 habari za watoto wa wafinyanzi huko Meksiko. Watoto hao, waliozoea kuushika udongo, walitambua mapema kuliko wenzao kwamba donge la udongo halizidi wala halipungui likibadilishwa umbo. Maana yake ni kwamba kazi ya mikono haipingani na akili, bali huilisha.

Kwa watu wa Kashikishi jambo hili si la mchezo tu. Pale sokoni dagaa wadogo waitwao chisense, waliokaushwa juani, huuzwa kwa kupimwa katika kikombe au kopo. Kila mnunuzi anafahamu kwamba chombo kirefu chenye kitako kilichobonyezwa ndani kinaweza kubeba pungufu kuliko chombo kifupi kipana. Mtoto aliyemimina maji mara mia nyumbani hatadanganywa kwa urefu wa kopo.

3. HESABU YA SOKONI NA HESABU YA DARASANI

Mwaka 1985 watafiti wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha habari za watoto watano wa mji wa Recife, wa umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakisaidia kuuza vitu barabarani na sokoni. Watafiti walijifanya wanunuzi. Hesabu walizowauliza watoto wakiwa kwenye biashara, watoto walizipata sawasawa karibu zote, yaani asilimia 98. Hesabu za namna ile ile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, walizipata asilimia 37 tu. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, na nazi moja ilikuwa 35. Alijua kwamba nazi tatu ni 105, akaongeza tatu tatu, kisha akajumlisha ile moja iliyobaki, akafika 350. Hakuitumia njia ya darasani ya kuongeza sifuri tu.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, mtoto anayeonekana "mzito" darasani huenda ana akili nzuri ambayo mwalimu hajapata nafasi ya kuiona. Tangu mwaka 2022, serikali ya Zambia ilipofuta ada hadi mwisho wa sekondari, watoto wengi zaidi wameingia shuleni, na katika darasa lililojaa mwalimu hawezi kumwuliza kila mmoja "Umejuaje?" Mzazi anaweza. Tuseme kikombe cha chisense ni kwacha 8, na mteja anataka vikombe vitatu, naye ametoa noti ya kwacha 50. Mwulize mtoto wa miaka minane chenji ni ngapi, kisha mwulize alivyopata. Kama alihesabu kutoka 24 kupanda hadi 50, mwambie hiyo ni njia halali, hata kama si ile ya daftari.

La pili, tusielewe vibaya. Hatusemi watoto wapelekwe kufanya biashara badala ya shule. Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973, na ule Namba 182 wa mwaka 1999, vilipatikana baada ya vyama vya wafanyakazi kupigania jambo hilo miaka mingi, na hatuwezi kulitupa sisi wenyewe. Kuketi na mama mezani kwa nusu saa na kuhesabu naye ni malezi. Kuachiwa meza kutwa nzima, huku wenzake wakisoma, ni kumnyang'anya mtoto haki yake. Watoto wale wa Recife walijua hesabu za nazi, lakini walihitaji shule pia ili wapate hesabu ambazo soko haliwezi kuwafundisha.

4. KUMTUMA MTOTO

Katika nyumba zetu mtoto hutumwa. Jambo hili la kila siku lina elimu kubwa ndani yake. Mtaalamu Robert Serpell, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, aliwauliza wazee wa vijiji vya Wachewa, wilayani Katete, ni mtoto gani wangemchagua kwa kazi fulani, na kwa nini. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 alieleza kwamba kwa wazee wale neno la akili, "nzelu", halikuwa na maana ya wepesi wa kujibu tu. Lilichukua pamoja na wepesi huo uaminifu na uwezo wa kutumwa. Tunaamini wazee wengi wa Luapula watakubaliana nao.

Basi tutumie desturi hiyo. Badala ya kumwambia mtoto "Leta chumvi" kila siku, umri unapoongezeka tumwongezee masharti. Mtoto wa miaka minne: "Leta kikombe kilicho kikubwa, si kile chekundu." Mtoto wa miaka sita: "Nenda dukani ukanunue chumvi. Kama hakuna chumvi, nunua sabuni." Mtoto wa miaka minane: "Nunua chumvi. Kama ikibaki kwacha 5 au zaidi, nunua na kiberiti; kama ikibaki pungufu, zirudishe." Akirudi asipokewe vitu tu. Aulizwe: "Mbona hukuleta kiberiti?" Akijibu, "Zilibaki kwacha 4," amekwisha kufikiri kwa hoja. Neno "kama" na neno "basi" ndiyo mihimili ya kila mkataba na kila sheria ya kazi, na mtoto anaweza kuyazoea akiwa njiani kwenda dukani.

5. MICHEZO

Mwaka 1979 Serpell huyo huyo alichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Waliombwa kuiga maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Kiingereza waliwashinda wa Lusaka. Kwa waya watoto wa Lusaka waliwashinda wale wa Manchester, kwa kuwa walikuwa wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo walikuwa karibu sawa. Kama wangepimwa kwa karatasi peke yake, watoto wa Lusaka wangeitwa wajinga. Kama ni kwa waya peke yake, wangeitwa wajinga wale wa Manchester.

Kwa hiyo tusidharau waya, udongo na mabua. Mtoto anayetengeneza gari la waya lazima apange: magurudumu haya yazunguke, basi ekseli isikazwe, usukani ufike mkononi, basi mti wake uwe mrefu. Gari likipinda upande mmoja, tusilitengeneze sisi. Tumwulize: "Unadhani ni kwa nini linapinda? Utajuaje kama ni gurudumu au ni ekseli?" Abadilishe kitu kimoja, ajaribu, kisha abadilishe kingine.

Mchezo wa nsolo, ambao ni ndugu wa bao letu, huchezwa kwa safu nne za vishimo ardhini na kokoto au mbegu. Kwa mtoto mdogo anza na safu mbili za vishimo vitatu vitatu. Kabla hajagusa kokoto, mwulize: "Ukianzia hapa, ya mwisho itaangukia wapi?" Ajibu kwanza, ndipo acheze na kuona. Kumzoeza kubashiri kabla ya kutenda kuna faida kuliko kumzoeza kushinda.

Na vitendawili tusiviache. "Nyumba yangu haina mlango." Jibu tulilolizoea ni yai. Lakini mtoto akisema "jiwe", tusimzomee. Tumwulize sababu. Atasema, "Jiwe halina mlango." Ni kweli. Sasa tumrudishe kwenye neno "nyumba": nyumba ina mwenyewe ndani yake. Ndani ya yai kuna nani? Ndani ya jiwe kuna nani? Hapo ataona mwenyewe kwamba jibu zuri lazima litimize maneno yote ya kitendawili, si neno moja tu. Na akileta jibu jipya linalotimiza maneno yote, tumpe mji.

6. MAMBO MAWILI YANAYOKUJA PAMOJA

Nchelenge inajulikana kuwa na malaria nyingi, na miti ya maembe imejaa Luapula. Maembe huiva wakati wa mvua, nayo malaria huzidi wakati wa mvua. Mtoto anayeona maembe na homa vikija pamoja kila mwaka anaweza kusema, "Maembe huleta malaria." Amefikiri, lakini amefikiri nusu. Ameona mambo mawili yanakuja pamoja akadhani moja limezaa jingine, kumbe yote mawili yanafuata jambo la tatu, yaani majira ya mvua, ambamo maembe huiva na mbu hupata madimbwi ya kuzalia.

Watu wazima wa Ulaya walikosea vivyo hivyo kwa karne nyingi. Neno lenyewe "malaria" lilitokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya, kwa sababu waliona watu wanaougua ni wale wa karibu na mabwawa yanayonuka. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1900 madaktari Sambon na Low walikaa miezi kadhaa katika nyumba ndogo karibu na mabwawa ya Ostia, Italia, mahali palipokuwa na malaria kali. Nyumba ilizibwa kwa wavu mbu wasiingie, lakini hewa ya bwawa iliingia usiku kucha. Hawakuugua. Mwaka huo huo mbu wenye vimelea walipelekwa London na kumwuma mtoto wa daktari Manson, kijana aliyejitolea. Hewa ya London haikuwa ya mabwawa, naye akaugua. Walichofanya ni kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakienda pamoja: mahali pamoja hewa bila mbu, mahali pengine mbu bila hewa.

Mtoto wa miaka saba anaweza kuielewa njia hii tukimwuliza: "Je, unamjua mtu aliyekula maembe asiugue? Unamjua aliyeugua bila kula maembe?" Atawapata wote wawili nyumbani kwake. Na akielewa kwamba mwenye hatia ni mbu, atalala ndani ya chandarua kwa kuwa anajua sababu, hata siku ambayo mzazi yuko kazini zamu ya usiku.

Wabemba wana methali: "Umwana ashenda atasha nyina ukunaya." Mtoto asiyetembea husifu mapishi ya mama yake tu. Nayo ni somo la hoja: usitoe hukumu juu ya vyote kwa kuonja kimoja. Mtoto akisema "Samaki wote wa ziwani wana miiba mingi," mwulize, "Umeonja aina ngapi?"

7. KUFIKIRI KWA "TUSEME"

Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu wa Urusi, Alexander Luria, aliwaendea wakulima wa Uzbekistan wasiojua kusoma. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. Mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajafika huko, aulizwe aliyefika. Wengine wamewacheka wakulima hawa. Sisi hatuwacheki, maana kukataa kushuhudia usichokiona ni uaminifu, na mahakamani ndivyo inavyotakiwa. Lakini iko kazi nyingine ya akili, ya kusema: "Tuseme maneno haya ni kweli. Yanatupeleka wapi?"

Mfanyakazi anaihitaji kazi hiyo kila mara. Kanuni inasema kila aliyetimiza muda fulani atapata likizo yenye malipo. Wewe umetimiza. Basi? Mtu asiyezoea "tuseme" ataisoma kanuni hiyo kama habari za watu wengine.

Watafiti Dias na Harris walionyesha mwaka 1988 kwamba hata watoto wa miaka minne hadi sita wanaweza kufikiri hivyo, mradi jambo liletwe kwao kama hadithi ya kubuni. Nasi hadithi tunazo. Tusimulie habari za Kalulu, yule Sungura mjanja: "Katika nchi ya Kalulu samaki wote hupanda miti. Pale yuko pale mmoja, samaki wa ziwa letu, amehamia nchi ya Kalulu. Je, atapanda mti?" Mtoto atacheka, kisha atasema, "Atapanda!" Mwulize, "Umejuaje?" "Kwa sababu huko wote hupanda." Kisha swali la pili: "Na hapa kwetu je?" Hivyo atajifunza kutenga mambo mawili: kama hoja inafuata, na kama mwanzo wake ni kweli. Mwajiri akisema, "Kampuni zote zinazopata hasara hupunguza watu; sisi tumepata hasara; basi tutapunguza," mfanyakazi aliyezoezwa atauliza kwanza: "Je, ni zote? Na hasara hiyo iko wapi katika vitabu?"

Mtoto mkubwa kidogo anaweza kupewa "tuseme" ya ziwa lenyewe. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Tuseme upande mmoja wa ziwa umeacha kuvua na upande mwingine unaendelea. Samaki hawajui mpaka. Nini kitatokea? Nani atapata hasara? Ingefaa wafanye nini pamoja? Hapo tunamkuta mtoto wa miaka minane akijadili jambo ambalo ndilo msingi wa umoja.

8. LUGHA NA ADABU

Mtoto afikiri kwa lugha aliyoizoea. Sheria ya elimu ya Zambia ya mwaka 1966 iliruhusu Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza, na watoto wengi walifundishwa kuitikia maneno wasiyoyaelewa. Mtaala wa mwaka 2013 uliagiza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya mwanzo, na kwa Luapula lugha hiyo ni Kibemba. Nyumbani hatuna haja ya kungoja mtaala. Kama mama anasema Kibemba na baba anasema Kiswahili, mtoto aulizwe kwa zote mbili. Asiulizwe kwa Kiingereza ambacho mzazi mwenyewe anakibahatisha.

Kuhusu adabu, tunajua wazazi wengi huogopa kwamba mtoto anayeuliza sana atakuja kuwavunjia wakubwa heshima. Hofu hiyo tusiidharau. Mtoto afundishwe namna ya kuuliza: angoje mkubwa amalize, aseme "Samahani, mama" au "Naomba kuuliza, baba," asipaze sauti, wala asiulize mbele ya wageni jambo la ndani. Lakini akiuliza kwa adabu, apewe jibu lenye sababu. Na panapokuwa na hatari, kwa mfano mtumbwini au karibu na moto, atii kwanza, aelezwe baadaye. Mzazi asisahau hiyo "baadaye". Heshima inayosimama juu ya sababu hudumu hata mzazi asipokuwapo, na mzazi mfanyakazi kwa kawaida hayupo saa nyingi.

MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Hatuombi saa nyingi. Robo saa kila siku yatosha. Chagua jambo moja: kumimina maji, kumtuma kwa sharti la "kama", vishimo sita vya nsolo, kitendawili kimoja, au hadithi moja ya Kalulu. Uliza "Umejuaje?" Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wazazi wengi hawangoji hata tatu, wakajibu wenyewe. Mtoto akijibu, hata kama amekosea, rudia maneno yake ili ajue kwamba umemsikia, ndipo uulize swali la pili. Akichoka, muache aende akacheze.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Taja jambo moja ambalo mtoto wako alilitambua mwenyewe kwa dalili. Ulimwuliza alivyojua?
2. Nyumbani kwako mtoto akiuliza "kwa nini", aghalabu hupewa jibu gani, na nani hujibu?
3. Mweleze mtoto kwa nini umejiunga na chama, kwa maneno ya "kama" na "basi" ambayo mtoto wa miaka minane anaweza kuyapima. Je, hoja yako imesimama?
4. Tawi lenu linaweza kufanya nini kuhakikisha kwamba watoto wa wanachama walio sokoni au kwenye zamu wana mahali salama pa kucheza na mtu mzima wa kuzungumza nao?

Swali la tatu lijaribiwe nyumbani kabla ya mkutano. Mtoto akiona ufa katika hoja yako, ulete ufa huo tawini ujadiliwe.